Uzito Usiosikika Begani

Msafiri wa zamani aliyetoka pwani hakupumua mpaka afike Tura. Nyuma yake aliacha Mgunda Mkali, lile pori kavu linalotenganisha Ugogo na Unyamwezi. Mbele yake kulikuwa na mashamba, maji na njia ya Kaze, yaani Tabora ya leo. Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walipita hapa mwaka 1857, Stanley akafuata mwaka 1871. Vitabu vinawataja wao. Sisi wazee tunawataja zaidi waliobeba mizigo yao.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa wa ratili 60 hadi 70, yaani kilo 27 hadi 32, mbali na mkeka, sufuria na posho yake. Jino kubwa la ndovu lililomshinda mmoja lilifungwa kwenye mti likabebwa na wawili. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kwa nguvu, lakini walisifika pia kwa kujua haki yao: mzigo ukizidi, walibishana na mwenye msafara, na wakati mwingine waligoma kabisa. Bega lilikuwa mizani, na mdomo ulikuwa na ruhusa ya kusema kile bega lilichosikia.

Kisha ikaja reli. Mjerumani alianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mizigo ikahama kutoka mabegani kwenda kwenye mabehewa. Ila kwenye ujenzi bega halikustaafu. Kizazi changu kilipandisha zege kwa karai, mkono kwa mkono, na tofali ghorofani kwa kamba na kapi. Migongo yetu inalijua hilo hadi leo, na siwatamanii wajukuu zangu maisha hayo.

Wao wamepata mashine. Mkataba wa kipande cha reli ya kisasa, SGR, kutoka Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, ulitiwa saini Desemba 2021, na vijana wengi wa kanda hii wamejifunza kazi wakiwa katikati ya mitambo. Mmoja wa mitambo ya ujenzi wa siku hizi ni telehendla: ina magurudumu makubwa kama trekta, uma mbele kama foklifti, na mkono mrefu unaonyooka na kurudi. Opareta mmoja anainua kwa dakika chache kile ambacho sisi tungekipandisha kutwa nzima. Ni neema, na naisema kwa moyo mweupe.

Hofu yangu ni moja. Kijana aliyekaa kwenye kiti hausikii uzito. Mpagazi aliusikia shingoni. Opareta anashika kijiti kidogo ambacho ni chepesi vilevile, awe ameinua kilo 300 au tani 3. Mashine haimlalamikii mpaka inapoanza kupinduka, na hapo muda wa kufikiri umekwisha.

Jambo la kwanza analopaswa kulijua ni kwamba nguvu ya mashine hiyo si moja. Shika ndoo ya maji karibu na kifua, kisha nyoosha mkono: maji ni yaleyale, ila mkono unatetemeka. Mashine inayomudu tani 4 karibu na magurudumu yake inaweza kubakiwa na tani 1 tu, au pungufu, mkono ukinyooshwa mbali kabisa. Ndiyo sababu ndani ya kibanda kuna jedwali la mizigo. Asiyeweza kulisoma hajawa opareta, hata awe amezunguka na mashine miaka kumi.

La pili ni ardhi. Udongo wetu wa mbuga ukiwa mkavu ni mgumu kama sakafu. Mvua ikinyesha unameza tairi. Gurudumu moja likizama, mzigo ulio juu unahamia upande huo na kuivuta mashine nzima. Kwa hiyo ardhi ikaguliwe na isawazishwe kila asubuhi. Mashine ikitembea na mzigo, mkono ushushwe chini na urudishwe ndani. Upepo ukivuma, mabati yasubiri. Nyaya za umeme zikaguliwe kabla mkono haujainuka. Mkanda ufungwe, kwa sababu mashine ikilala, anayejaribu kuruka ndiye inayemponda.

La tatu ni watu. Nimeona vijana wakipandishwa juu ya paleti iliyowekwa kwenye uma ili wakapige misumari kwenye kenchi. Huo si ushujaa. Binadamu anainuliwa kwa kikapu maalumu kilichotengenezwa na kuidhinishwa kwa ajili hiyo, na chini ya mzigo hapiti mtu.

Sheria tunayo. Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi inamtwika mwajiri jukumu la kuwalinda wafanyakazi wake, na wakala wa serikali, OSHA, upo kwa ajili ya kukagua. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Lakini fidia huja baada ya msiba, na hakuna hundi ambayo mtoto ataiita baba.

Kinachopungua saiti zetu ni ile ruhusa ya mpagazi. Kijana wa leo anaogopa kumwambia msimamizi kwamba mzigo huu umezidi, kwa sababu nje ya geti wamesimama wengine wanaosubiri nafasi yake. Nawaomba makandarasi: opareta akikataa kuinua, msimfukuze. Simamisheni kazi, pimeni mzigo, someni jedwali pamoja naye. Nanyi wajukuu zangu, someni mpate cheti, na msione haya kusema hapana. Mliozaliwa na watu waliovuka Mgunda Mkali kwa miguu hamna deni la ujasiri kwa mtu yeyote.