Wagombea Wetu Wanataja Wageni, Sera ya Wageni Hawaitaji

Mwaka 2024, Wamarekani walipokuwa wakijiandaa kumchagua rais, Mkongomani anayeishi kule hakuhitaji kubahatisha msimamo wa wagombea kuhusu wahamiaji. Donald Trump aliahidi kuwafukuza kwa wingi wasio na vibali na kusimamisha upokeaji wa wakimbizi. Kamala Harris aliahidi kutia saini muswada wa mpaka uliokwama katika Seneti mwaka huohuo, muswada mkali kuliko chama chake kilivyozoea. Aliyetaka kujua tofauti hiyo ina uzito gani aliweza kuhesabu. Katika mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi wapatao 100,000, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la Wakongomani, karibu 20,000. Kikomo kilikuwa 125,000. Trump alipoapishwa Januari 2025 alitia saini amri ya kusimamisha mpango huo siku ileile, na kikomo cha mwaka wa fedha wa 2026 kikashushwa hadi 7,500. Familia ya Beni iliyokuwa kambini Nakivale, Uganda, ikisubiri safari, ilijua ni uchaguzi gani uliofunga faili lake.

Siyasemi haya ili kuisifia Marekani. Katika kampeni hiyohiyo Trump alirudia mara nyingi kwamba Kongo inafungua magereza yake na kuwamwaga wafungwa mpakani mwa Marekani. Ushahidi hakuwahi kuuonyesha, na serikali ya Kinshasa ilikanusha. Uongo upo huko kama ulivyo kwetu, pengine na vipaza sauti vikubwa zaidi. Lakini uongo ule ulibebwa na ahadi zinazopimika: watu wangapi wataingia, kwa sheria gani, idara gani itatekeleza. Kwa sababu hiyo majaji, wabunge na waandishi walipata pa kushika. Amri ya kuwanyima uraia watoto wanaozaliwa Marekani na wazazi wasio na vibali ilipotolewa, jaji mmoja aliizuia ndani ya siku chache, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa na yeyote aliweza kuilinganisha na katiba. Maneno ya jukwaani yasiyogeuka kuwa maandishi hayana wa kuyapinga mahakamani.

Kwetu, kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, suala la wageni lilitawala kampeni pia, ila kwa sura nyingine. Noël Tshiani, mmoja wa wagombea, alikuwa amevumisha wazo la kuutenga urais kwa mtu mwenye baba na mama Wakongomani. Mbunge Nsingi Pululu alilipeleka bungeni mwaka 2021, na hadi siku ya kura halikuwa limepitishwa. Kila mtu alijua mlengwa ni nani: mgombea wa upinzani Moïse Katumbi, ambaye baba yake alikuwa Myahudi kutoka Ugiriki. Tshiani alikwenda hadi Mahakama ya Katiba kutaka jina la Katumbi liondolewe, na mahakama ikakataa. Rais Félix Tshisekedi naye alizunguka nchi akiwaita wapinzani wake wagombea wa wageni. Mgombea mwingine, Denis Mukwege, ndiye aliyekaribia zaidi sera yenyewe, kwa kudai majeshi yote ya kigeni yaondoke nchini. Nje ya hapo, mjadala ulikuwa juu ya damu ya mgombea: nani baba yake, nani anamtuma. Mtu wa Butembo aliyesikiliza mikutano ile yote hakuambiwa nani atamtolea kitambulisho, wala nini kitabadilika pale mpakani Kasindi.

Na hakuna mahali ambapo maswali hayo yanauma kama Beni na Butembo, jimboni Kivu Kaskazini. Tangu miaka ya 2010, Wahutu wa Masisi na Rutshuru, wanaojulikana kwetu kama Banyabwisha, wamekuwa wakipanda magari kupitia Butembo na Beni kwenda kusini mwa Irumu, kule Boga na Tchabi, kutafuta mashamba. Gari linasimamishwa kwenye barieri, abiria wanashushwa pamoja na watoto na magodoro, na kila mmoja anatoa kadi ya mchaguzi. Hiyo ndiyo inayotumika kama kitambulisho, kwa kuwa kitambulisho cha taifa wengi wetu hatuna. Hapo ndipo mabishano yanapoanza: mmoja anasema kadi ni halali, mwingine anasema ilinunuliwa na mwenye nayo ametoka Rwanda. Nani ataamua? Sensa ya mwisho ya nchi hii ilifanyika mwaka 1984. Askari wa barieri anabaki kuangalia sura na kusikiliza lafudhi, na kijana wa mtaani aliyejaa hofu anafanya vivyo hivyo, wakati mwingine akiwa na panga mkononi.

Ugomvi huu haukutoka mbinguni. Wabelgiji waliwaleta Wanyarwanda Kivu kwa mpango rasmi kuanzia 1937 hadi 1955. Sheria ya 1972 iliwapa uraia kwa jumla wale waliokuwepo Kivu kabla ya 1950, sheria ya 1981 ikauondoa, ile ya Novemba 2004 ikafungua mlango upya. Dola iliyotoa, ikanyang'anya, kisha ikarudisha, bila kumwandika hata mtu mmoja mmoja, haiwezi kushangaa raia wanapojitengenezea mahakama barabarani. Hata katiba ya 2006, katika kifungu cha 10, inamtambua raia wa asili kwa kabila ambalo watu wake na ardhi yake vilikuwa Kongo wakati wa uhuru. Tukisoma hivyo neno kwa neno, Muyira wa Bwera, upande wa Uganda, ambaye kabila lake liko pande zote mbili za Rwenzori, angeweza kudai uraia wetu kesho asubuhi. Sijasikia mgombea akilieleza hilo.

Tazama pia maamuzi makubwa yaliyopita bila kuulizwa mpiga kura. Mwaka 2022 Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo soko lake la pamoja linahusu watu kuvuka mipaka na kufanya kazi nchi jirani. Wafanyabiashara wa Butembo wanaoagiza bidhaa kupitia Mpondwe na Kasindi ndio wa kwanza kuguswa. Tarehe 30 Novemba 2021 jeshi la Uganda liliingia Beni kwa kibali cha Kinshasa kupambana na waasi wa ADF. Mtu anaweza kuunga mkono hatua hizo au kuzipinga. Jambo la ajabu ni kwamba nchi iliyopigiana kelele kuhusu wageni mwaka 2023 haikuwabana wagombea kwa uzito wowote kuhusu wageni wenye vifaru waliokuwa tayari ndani.

Najua nitajibiwa kwamba Marekani inajadili vibarua na wakimbizi, sisi tunajadili vita. Rwanda inawasaidia waasi wa M23, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameliandika mara kwa mara. Goma, makao makuu ya jimbo, ilianguka mikononi mwao Januari 2025, na leo utawala wa jimbo umehamia Beni. Hoja hii ina nguvu na siipuuzi. Lakini ndiyo inayonifanya nidai sera zaidi. Mauaji makubwa ya Beni yalianza Oktoba 2014. ADF ilianzishwa na waasi wa Uganda, hata hivyo wataalamu haohao waliwataja pia maofisa wa jeshi letu wenyewe kuwa walihusika. Kumwonyesha kidole mgeni hakukumlinda mtu hata mmoja wa Oicha. Adui akitumia udhaifu wa karatasi zetu kujipenyeza, dawa ni kuziimarisha karatasi. Na waliokimbia Kanyabayonga tangu Juni 2024 wakaingia Lubero na Butembo nao wanahitaji kutambulika, wasije wakawa washukiwa katika jimbo lao.

Wengine watasema dola yetu haina uwezo. Tume ya uchaguzi, CENI, iliandikisha wapiga kura karibu milioni 44 kwa ajili ya uchaguzi wa 2023. Pamoja na kasoro zote za zoezi lile, nchi inayofikisha mashine na makarani hadi vijijini ili kupata kura inaweza kuwafikisha tena ili kutoa vitambulisho. Kinachokosekana ni mgombea anayeona faida ya kuliahidi, maana mtu mwenye kitambulisho kisichobishaniwa hatishiki kirahisi wakati wa kampeni.

Wapo pia watakaosema sisi tulio nje tunyamaze. Kwa sheria, baadhi yetu hawana haki hata ya kubisha: kifungu hichohicho cha 10 kinasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchangamani na mwingine, hivyo aliyechukua pasipoti ya Ubelgiji au Kanada amekuwa mgeni. Ndiyo maana nashangazwa na ndugu zetu wa Brussels na Montréal wanaoshangilia kila hotuba ya kuwasaka wageni. Mwaka 2007 bunge liligundua kwamba wabunge kadhaa walikuwa na pasipoti mbili, likawapa muda wa kujirekebisha. Msafiri wa Boga hapewi muda kama huo kwenye barieri.

Watu wa Beni na Butembo wanajua vizuri zaidi ya wengi maana ya kuwekwa nje ya nchi yako. Desemba 2018 CENI iliahirisha kura yao hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama, na rais akaapishwa Januari bila wao. Zaidi ya watu milioni moja, wakiwa na kadi mkononi. Uchaguzi ujao unatazamiwa mwaka 2028. Mgombea akija uwanjani akaanza na mambo ya wageni, msimpigie makofi kwanza. Mwulizeni mbele ya watu: sensa itafanyika mwaka gani, kitambulisho kitatolewa na ofisi ipi, familia inayoshushwa kwenye gari itakata rufaa kwa nani, na majeshi ya kigeni yatakaa hadi lini. Akishindwa kujibu, mpeni kura mwingine.