Utalala Wapi na Ng'ombe Wako?



Mavuno yakiisha, wengi wetu huanza kuwaza mnada. Nyumba inataka bati, au mzazi anahitaji matibabu, au mtoto amechaguliwa kwenda chuo. Basi ng'ombe watauzwa. Mnada wa karibu una wanunuzi wachache na bei yake ni ndogo. Mnada mkubwa uko mbali, mwendo wa siku tatu au nne. Lori lina gharama, na ng'ombe wako ni sita tu. Unaamua kuwaswaga kwa miguu.

Kama hii ni safari yako ya kwanza, nina swali moja. Sikuulizi utauza kwa shilingi ngapi. Nakuuliza: utalala wapi?

Mimi ni bwana shamba. Nilipata cheti changu Mpwapwa, na kwa karibu miaka ishirini nimefanya kazi na wakulima na wafugaji wa Dodoma. Nimewasikia watu wengi wakipanga safari kwa kuhesabu kilomita. "Ni kilomita sitini tu, kesho kutwa tumefika." Lakini kilomita hazimnyweshi ng'ombe. Mimi huwashauri wahesabu mahali pa kulala. Kila usiku una mahali pake. Mahali hapo pana maji au hapana, pana nyasi au hapana, na daima pana mwenyewe.

Hesabu hii huanzia mwisho. Tuseme mnada ni Jumamosi, nao uko kilomita 60 kutoka kwako. Ng'ombe wafike Ijumaa asubuhi, wanywe, wale, walale usiku mzima. Sasa rudi nyuma kwa vidole. Ng'ombe anayetembea huku akila njiani huenda kilomita 15 hadi 20 kwa siku. Ukitoka nyumbani Jumanne asubuhi, utalala njiani Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Ijumaa utamalizia kilomita chache zilizobaki. Ni kulala mara tatu njiani, na mara ya nne mnadani.

Utasema: "Mbona ng'ombe wangu anaweza kwenda kilomita 30 kwa siku?" Anaweza, ukimchapa. Lakini fikiri jambo hili. Ng'ombe hula majani upesi upesi, halafu hulala chini, huyarudisha kinywani na kuyatafuna tena. Huko ndiko kucheua. Kazi hiyo humchukua saa 6 hadi 8 kila siku, na nyingi huifanya usiku akiwa amelala. Ukimfikisha kambini saa 4 usiku na kumwamsha saa 10 alfajiri, hajacheua vya kutosha. Mkifika mnadani mbavu zinahesabika. Mnunuzi hununua nyama, hanunui mwendo. Tuseme kila ng'ombe amepoteza kilo 15 njiani. Sita mara 15 ni kilo 90. Umewaacha porini kilo 90 za nyama, wala hukuona zilipodondoka.

(Wapo wanaomlisha ng'ombe chumvi nyingi ili anywe maji mengi asubuhi ya mnada, aonekane mzito. Wanunuzi wanaijua hila hiyo kuliko wewe.)

Sasa tukae kidogo kwenye maji, maana hapo ndipo safari nyingi huharibika. Ng'ombe mkubwa aliyetembea kutwa kwenye jua hunywa lita 30, pengine hata 40. Ng'ombe sita kwa lita 30 ni lita 180. Hizo ni ndoo tisa kubwa za lita 20. Je, kisima cha kitongoji ambacho mwezi wa Septemba akina mama hupanga foleni tangu saa 10 alfajiri kitakupa ndoo tisa? Kwa hiyo mtu akikwambia "maji yapo", usiridhike. Muulize ni maji ya kisima au ya lambo. Muulize kama lambo lina maji mwezi huu, na kama mifugo ya wageni inaruhusiwa kunywa. Mwulize mtu aliyepita wiki hii. Aliyepita mwezi wa Aprili aliona maji ya mvua. Siku hizi kuna simu, na mwenye lambo anapatikana kabla hujafungua zizi. Kama huna namba yake, mtume kijana kwa baiskeli atangulie kuangalia. Siku yake moja ni rahisi kuliko ng'ombe mmoja.

Lakini ipo mahali ambapo hata ukiuliza vipi, maji hayapo katikati. Ufanyeje?

Babu zetu walikutana na shida hii kabla yetu. Reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ilijengwa kati ya mwaka 1905 na 1914. Kabla ya hapo mizigo ilitoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji vichwani mwa watu. Misafara hiyo ilikuwa na kiongozi aliyeitwa kirangozi. Yeye alitembea mbele, naye alijua msafara utalala wapi. Walipoondoka Mpwapwa kwenda Ugogo, mbele yao kulikuwa na nyika iliyoitwa Marenga Mkali. Ilikuwa karibu kilomita 50, na haina maji ya kunywa.

Hawakuanza kuivuka asubuhi. Walipumzika asubuhi penye maji, wakapika, wakala, wakajaza vibuyu. Mchana wakaondoka, wakatembea mpaka giza. Walilala kidogo mahali pakavu, na alfajiri wakaendelea mpaka wakayafikia maji. Kwa njia hiyo jua kali liliwapata kwa sehemu tu ya safari. Mwendo huo waliuita tirikeza. Neno hili leo halisikiki sana, lakini kwa ng'ombe linafaa hata sasa.

Wewe ulifanye hivi. Fika penye maji ya mwisho asubuhi. Ng'ombe wanywe, wale, wapumzike kivulini, na saa 8 mchana wanywe tena. Saa 9 ondoka. Tembea mpaka saa 12 jioni. Kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa, umekwenda kilomita 9. Lala hapo bila maji. Kukipambazuka, saa 12 asubuhi, ondoka tena, na ifikapo saa 4 umeongeza kilomita 12. Jumla ni kilomita 21, na jua la mchana halijakukuta katikati ya nyika. Ng'ombe wa kienyeji mzima aliyekunywa vizuri huvumilia usiku mmoja wa namna hiyo. Ng'ombe anayenyonyesha, ndama, au mgonjwa, huyo mwache nyumbani. Wala usifanye tirikeza mara mbili mfululizo.

Usiswage ng'ombe usiku. Kuna magari, kuna fisi, na mtu anayekutana na kundi la ng'ombe gizani hufikiri kwanza habari za wizi.

Nilisema kila mahali pana mwenyewe. Katika Ugogo wa zamani misafara ililipa hongo kwa watemi kabla ya kupita na kuteka maji. Leo neno hongo maana yake ni rushwa, nami sisemi utoe rushwa. Lakini zamani ilikuwa ushuru uliojulikana, na hakuna aliyepita kama kwamba nchi haina watu. Wewe nawe usipite hivyo. Fika kitongojini saa 10 jioni, jua likiwa juu. Waache ng'ombe nje na kijana wako, uende kwa mwenyekiti. "Shikamoo mzee. Tuna ng'ombe sita, tunakwenda mnadani. Tunaomba mahali pa kulala, na tuonyeshwe maji." Toa kibali chako akisome. Kama maji yanalipiwa, lipa. Kisha muulize mashamba yako wapi, na mpaka wa kulishia uko wapi. Ukifika saa 2 usiku, swali la mashamba halina faida tena, kwani ng'ombe wameshaingia.

Tusilichukulie jambo hili kuwa dogo. Mwezi wa Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Msafiri wa ng'ombe sita anapita katikati ya watu ambao pengine wana kinyongo cha zamani, naye hakijui.

Kibali nimekitaja, basi nikieleze kwa ufupi. Hutolewa na ofisa mifugo kabla ya safari, baada ya kuwaona ng'ombe. Mwonyeshe mahali ulipopanga kulala. Atakwambia kama njia hiyo inaruhusiwa kuswagia mifugo, na kama kuna ugonjwa huko mbele. Wengi hukichukua kibali kama karatasi ya kumwonyesha polisi, wakamwacha ofisa na habari zote alizo nazo.

Sasa nikueleze jambo lililonikuta kazini. Kijana mmoja, jina lake nalihifadhi, alikuwa akiswaga maksai wanne. Mama yake alikuwa akisubiri kupasuliwa hospitali, na fedha zingetoka kwa maksai hao. Jioni alifika kwa mkulima, akaomba vizuri kama inavyotakiwa. Mkulima alimpokea kwa moyo mweupe. Akamwambia: "Mtama nimeshavuna. Waingize wale mabua." Maksai walikuwa na njaa ya kutwa nzima. Waliingia wakaacha mabua makavu, wakakimbilia machipukizi ya kijani yaliyoota kwenye visiki vya mtama.

Haukupita muda, mmoja akaanza kuhema kwa nguvu. Akatetemeka, akaanguka. Wa pili akamfuata. Nilipigiwa simu, nikaenda kwa pikipiki. Nilipofika wote wawili walikuwa wamekufa, na damu puani ilikuwa nyekundu ya kung'aa. Hiyo ndiyo alama ya sumu ya mtama. Machipukizi ya mtama, na mtama mchanga uliodumaa kwa ukame, yana sumu inayomzuia mnyama asitumie hewa anayoivuta. Sindano yake ipo, lakini ilikuwa wilayani, na sumu ile huua kwa dakika. Wale wawili waliopona walikuwa nyuma, hawakuwahi kula mengi. Kijana alikaa kimya. Aliyelia alikuwa mkulima.

Kwa hiyo unapochagua mahali pa kulala katika nchi ya mtama, usiangalie kijani ukafurahi. Tembea shambani kwanza kwa miguu yako. Ukiona visiki vimechipua, shukuru na uombe mahali pengine. Mabua yaliyokauka kabisa hayana hatari hiyo. Na ng'ombe wako wale nyasi njiani mchana, wasifike kambini na njaa inayowafumba macho.

Mambo mengine ya kambi unayajua tangu utoto wako: boma la miiba, moto, na watu wawili wanaopokezana kukesha. Nitaongeza mawili tu. Usilale ndani ya korongo, hata kama mchanga wake ni laini na upepo haufiki. Na usichanganye ng'ombe wako na wa mwenyeji zizini, hata akikukaribisha. Homa ya mapafu hupita kwa pumzi ya ng'ombe waliobanana, na hujui nani atamwambukiza nani. Waweke kando, mwenyeji ataelewa ukimweleza.

Safari ya kurudi nayo ina usiku wake. Wengi huipanga safari ya kwenda, wakasahau kwamba watarudi na fedha badala ya ng'ombe. Mnada hukolea mchana, malipo huchelewa, na jioni nyama choma na pombe viko karibu. Ziweke fedha kwenye simu au benki palepale ulipouzia, kabla hujala. Kama jua limekwenda, usianze safari. Omba kulala kwa yule mwenyekiti wa kitongoji cha mwisho, ambaye Alhamisi alikiona kibali chako na ng'ombe wako sita. Anakujua tayari. Asubuhi panda gari, wewe na kijana wako, na fimbo zenu.