Vibati Visivyo na Mwaka

Nimezaliwa Itaka, Songwe, na kazi iliyonilisha tangu ujana ni kutafuta dhahabu. Nilianza na sururu na karai, baadaye nikapata detekta na kuzunguka mapori ya Chunya, kule dhahabu ya Lupa ilikogunduliwa mwaka 1922 na kuvuta wachimbaji na wenye maduka miaka ya 1930. Detekta haichagui. Inalia kwa nageti, kwa ganda la risasi, kwa kizibo cha soda na kwa sarafu. Wenzangu walizitupa sarafu vichakani. Mimi niliziweka kwenye kopo, na taratibu nikawa mtu wa kuulizwa.

Zenye mwaka hazisumbui. Pesa ya shaba ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ina tai upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, na mwaka wa upande huo wa Kiarabu ni wa Hijria: 1307 ni 1890. Kuanzia 1904 zikaja heller, mia kwa rupia moja. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewakatia njia ya bahari, Wajerumani wakagonga sarafu zao Tabora. Tafuta herufi T. Sarafu ya Mwingereza yenye tundu husomwa kwa jina la mfalme. Senti kumi ya 1936 ina jina la Edward VIII, aliyetawala chini ya mwaka mmoja.

Kinachonikesha ni vibati vya duka na vya shamba: kipande cha shaba ya manjano au aluminiamu, namba, herufi mbili tatu za mwenye mali, basi. Mwenye duka alikitoa badala ya chenji, mwenye shamba badala ya ujira, na hapo pekee ndipo kilipokuwa na thamani. Hakina mfalme, hakina mwaka. Hapo naanza na madini yenyewe. Aluminiamu ilikuwa ghali mno hadi kuelekea miaka ya 1890, kwa hiyo kibati chake si cha miaka ya kabla ya hapo. Kisha naangalia tundu kama lilitobolewa kwa mashine au kwa msumari, na herufi kama zilipigwa pamoja au moja moja.

Lakini shahidi mkubwa ni kilichofukuliwa nacho. Kibati kilichotoka tabaka moja la udongo usiovurugwa na senti ya 1924 kilifukiwa hapo mwaka huo au baadaye, si kabla. Baadaye kiasi gani, sarafu haisemi, maana pesa huzunguka miaka mingi. Vigae vya chupa na msingi wa nyumba ndivyo hubana hesabu.

Wengi hunijia na "rupia ya Mjerumani", wameahidiwa mamilioni. Naiweka kwenye mizani ileile ya dhahabu. Rupia halisi ya fedha ina gramu 11.66, kasoro kidogo kwa kuchakaa, na sumaku haiivuti. Kijana mmoja aliyekuwa amenunua ya bandia aliniuliza, "Sasa mzee, nimeshalipa, nifanyeje?" Iliniuma, kwa sababu alikuwa ameuza ng'ombe ili ainunue.

Vijana wa Songwe mnaoshika detekta, nawaomba: msisugue kibati kwa mchanga wala ndimu, maana herufi hafifu ndizo za kwanza kufutika. Andikeni kilipotoka, kina chake, na vilivyokuwa pembeni yake, kabla hamjakitia mfukoni.