Miti ya Majina Mengi

Msafiri aingiaye Tabora kwa kuifuata njia ya kale ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, hulakiwa na miembe mikongwe. Wengi huitazama wakaiona historia. Mjomba wangu, aliyekuwa mrina asali, alinifunza kutazama kilichoitangulia miembe hiyo, yaani msitu wa miyombo.

“Mpwa wangu,” aliniambia, “nyuki hulima shamba la miti ya majina mengi.”

Maana yake niliielewa baadaye. Mtundu huchanua kabla ya mvua kuanza. Muba huchanua mvua zinapoelekea kwisha. Ndiyo maana Wanyamwezi walizoea kurina mara mbili kwa mwaka. Upepo ukipukutisha maua ya mti mmoja, mwingine hulipa deni. Hata chini ya ardhi mna ushirika: uyoga hushikamana na mizizi na kuisaidia kupata rutuba katika udongo hafifu, nao mti huugawia uyoga chakula kilichotengenezwa na majani. Msitu wa aina nyingi hutikisika, lakini si rahisi kuanguka.

Wakoloni wa Kiingereza hawakulijali hilo. Mwaka 1947 walianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Urambo ikawa miongoni mwa mahali palipofyekwa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Baadaye ikaja tumbaku, na kuni za kuikaushia zikatoka katika miti ile ile.

Lakini nisiwalaumu wageni peke yao. Nilipokuwa karani kijana, niliandika kwa mkono wangu kwamba mahali alipotundika mjomba mizinga yake ni “pori lisilotumika”. Likafyekwa, ikabaki mitundu michache pembezoni. Mwaka uliofuata upepo mkali uliyapukutisha maua yake, na hapakuwa na muba wa kulipa deni. Mjomba aliishusha mizinga mitupu, akaipanga uani. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniumiza.

Tutajapo utamaduni wa taifa, hukumbuka ngoma, mavazi na mashairi. Na tuongeze ujuzi wa kuutambua kila mti kwa jina lake. Laiti ningaliyajua majina hayo siku ile, kalamu yangu isingaliandika kwamba pori lile halitumiki.