Kokoto za Baba Watoto

Akina mama wenzetu, mgonjwa wa kiharusi akirudi nyumbani hupewa mazoezi ya mkono, na mara nyingi huyachoka kabla wiki haijaisha. Sisi tuliosomea uuguzi tunajua kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenye mavuno makubwa. Lakini kujua ni jambo moja, na kumfanya baba watoto abinye mpira mara hamsini ni jingine. Aliusukumia chini ya kitanda.

Kilichomrudisha mezani ni treni ya kitindamimba wetu, aliyoletewa na shangazi yake kutoka Ujerumani. Kipimo chake ni 1 kwa 87. Baba, aliyefanya kazi miaka mingi katika genge la kutengeneza njia, aliitazama akatikisa kichwa. Reli zake zimeachana milimita 16.5, yaani ni geji ya Ulaya. Reli yetu ya Kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ni ya mita moja. Upana hatukuweza kuubadili. Rangi tuliweza.

Kokoto ya kweli ya sentimita 4, kwa kipimo hicho, haifiki nusu milimita. Kwa hiyo tunachekecha mchanga wa mto kwa chujio la chai, tunauosha mpaka maji yatoke safi, kisha tunaugawa katika mabakuli matatu: kijivu, kahawia na kijivu kilichokolea. Rangi ni ile ya maji ya watoto wa shule. Ukikauka tunauchanganya, kwani rangi moja tupu huonekana kama saruji.

Tunaumwaga kati ya mataruma kwa kijiko cha chai na kuusawazisha kwa brashi. Halafu tunanyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Bila sabuni, maji husimama juu ya mchanga kama shanga. Mwisho ni gundi nyeupe iliyozimuliwa nusu kwa nusu, kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Hapo ndipo mkono wa kulia wa baba unapofanya kazi, kiwiko kikiwa mezani. Siku ya kwanza alitoa matone manne, akapumzika. Mpira haukuwahi kupata hata hayo.

Naye ni mkali! Katikati ya reli anataka weusi wa mafuta, pembeni wekundu wa kutu na vumbi la breki. Nyasi ni vumbi la mbao kutoka kwa seremala, kijani kidogo tu, lililobaki tunalichovya katika chai ya rangi. Kuelekea Dodoma wakati wa kiangazi, nani ameona majani mabichi?

Jumamosi moja alivuta bakuli la mchanga usiotiwa rangi, akaumwaga upana wa kiganja mahali pamoja. "Gulwe," alisema. Tukaelewa. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalikata njia kati ya Kilosa na Gulwe, na kokoto mpya huwa nyeupe kuliko za zamani. Watoto wakauliza, naye akawasimulia, maneno yakitoka polepole, mpaka chakula kikapoa.

Sasa anadai mto. Tumemwambia angoje gundi ikauke, hadi asubuhi.