Kulasi ya moto: nguvu inayotafutwa na nguvu iliyopotea

Bukavu, Kivu Kusini. Motari akilalamika kwamba moto yake imechoka mlimani, wenzake humpa shauri moja: peleka kulasi ikakatwe. Kulasi ni kile kifuniko cha aluminyumu juu ya silinda, chenye supapu, bujii na chumba kidogo ambamo esansi na hewa vinawaka. Kuikata ni kupunguza uso wake wa chini, ili chumba kiwe kidogo, hewa ibanwe zaidi, na moto usukume pistoni kwa nguvu.

Kijana mmoja alifika na ombi hilo kwa fundi anayefanya kazi chini ya mabati machache kando ya barabara. Fundi huyo mwenyewe ni mhami; alitoka kijijini kwao na sanduku la funguo tu.

“Papa, unikatie milimita moja,” kijana alisema. “Ninabeba watu na magodoro yao, kwenye mlima inakufa.”

“Mtoto wangu, tupime kwanza,” mzee alijibu.

Kilio cha kijana kina sababu. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Huku juu, mgandamizo wa hewa umepungua kwa zaidi ya asilimia 15 kuliko pwani. Moteri inavuta hewa kidogo, kwa hiyo inachoma esansi kidogo, na nguvu inapungua hata kama moto ni mpya.

Fundi alichukua kipande cha kartoni akamwonyesha hesabu. Tuseme silinda ni ya santimita za ujazo 100, na chumba cha kulasi ni 12.5. Hewa inabanwa mara 9. Ikiwa silinda ina upana wa milimita 50, kukata nusu milimita kunaondoa karibu santimita moja ya ujazo. Hewa itabanwa karibu mara 9.7. Ukikata milimita nzima, utafika mara 10.5 hivi. Chuma kidogo sana, mabadiliko makubwa.

Nguvu inaongezeka, ndiyo, lakini joto pia linaongezeka. Esansi ikibanwa kupita kiasi inajiwasha yenyewe kabla ya wakati wake. Dereva anasikia moteri inagonga kama misumari ndani ya kopo. Akiendelea hivyo, pistoni inaweza kutoboka. Esansi ya chupa za kando ya barabara, ambayo pengine imechanganywa na petroli ya taa, inagonga upesi zaidi.

Kuna na jambo la njia. Moto inayotoka Bukavu inapita Nyangezi, inashuka Ngomo, inafika Kamanyola, kisha bonde la Ruzizi mpaka Uvira. Uvira iko chini, karibu mita 800 tu, na hewa yake ni nzito na ya joto. Kulasi iliyovumilia Bukavu inaweza kuanza kugonga kule bondeni. Tena kulasi ikishuka, supapu zinakaribia pistoni, na mnyororo unaoziendesha unalegea, hata supapu zinachelewa kufunguka. Asiyerekebisha hayo ataharibu moteri kwa kutafuta nguvu.

Baada ya hesabu, mzee alifungua moteri. Aligeuza kulasi, akamimina esansi kidogo kwenye njia ya hewa. Baada ya muda mfupi ilianza kuvuja kupitia supapu. Hapo ndipo nguvu ya kijana ilikuwa inatokea. Alizisaga supapu kwa dawa ya kusagia, akizungusha kijiti kati ya viganja, mpaka zikakaa sawa na esansi haikupita tena.

Kisha aliweka rula ya chuma juu ya uso wa kulasi na kuitazama kwenye mwanga. Ilikuwa imepinda kidogo. Alilaza msasa mwembamba juu ya kioo, akaisugua kwa kuchora namba nane, kiasi cha kuinyoosha tu. Alikwangua masizi, akalainisha njia ya hewa pale chuma kilipobaki na makovu ya kiwandani, bila kuipanua. Aliweka jwenti mpya na kukaza buloni kwa kupishana, kidogo kidogo, hadi zote zikashika. Kichujio cha hewa kilichojaa vumbi kilibadilishwa pia.

Kijana alilipa jwenti, kichujio na mkono wa fundi. Alipopanda mlima na mtu mmoja nyuma, moto haikufa. Lakini mzee alimwambia wazi kwamba kwa watu watatu na magodoro, hata kulasi nzuri itachoka.

Maneno hayo ni mazito kwa familia zinazohama. Moto ndiyo gari la wagonjwa, la wajawazito, la watoto na sufuria. Ikikatika katikati ya Ngomo usiku, anayebaki barabarani si motari peke yake. Kwa hiyo, motari akisikia moto imechoka, amwombe fundi apime supapu, jwenti na kichujio kabla ya kugusa chuma. Supapu husagwa tena ikihitajika. Milimita iliyokatwa kwenye kulasi hairudi.