Massey ya Mzee na daftari lake

GARI lilipoanza kupanda mlima wa Timboroa, watoto walifunga vioo vya madirisha bila kuambiwa na mtu. Baridi ya pale haina mjadala. Reli ya kwenda Uganda hupita hapo ikiwa zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa Nairobi hujua papo hapo kwamba amefika kwingine. Tulipita Burnt Forest tukitazama viazi na kabeji zilizopangwa kando ya barabara, na adhuhuri tukawa tumeingia Eldoret. Wakongwe wa mji huo bado huuita Sisibo, jina lililotokana na nambari 64 ya shamba ambalo mji ulijengwa juu yake.

Safari yetu haikuishia mjini. Tulikuwa tukielekea Moiben, katika kaunti hiyo hiyo ya Uasin Gishu, nyumbani kwa wakwe zangu. Ilikuwa likizo ya Aprili na nilikuwa nimewaahidi watoto mursik, hewa safi na usingizi mpaka jua litoke. Sikujua kwamba tungeamkia kesi ya trekta.

Msomaji ambaye hajafika Moiben na ajaribu kuwazia uwanda mpana ulioinuka, usio na milima ya kuuziba, mashamba ya mahindi na ngano yakifuatana hadi macho yachoke. Hapa jembe la mkono ni la kupalilia bustani ya sukuma wiki tu. Shamba hulimwa wakati wa kiangazi, mabonge yakavunjwavunjwa kwa haro, kisha mbegu ingojee mvua. Mahindi ya nyanda hizi za juu, kama yale ya mbegu 614, hukaa shambani miezi sita au zaidi. Anayechelewa kupanda hujua tangu Aprili kwamba Desemba atakuwa na magunia machache.

Na siku tuliyofika, mvua ilikuwa tayari imenyesha mara mbili. Majirani walikuwa wakipanda. Shamba la baba mkwe lilikuwa limelimwa, lakini haro ilikuwa haijapita, na trekta lilikuwa limelala bandani kama ng'ombe mgonjwa.

Kesi ya ndugu watatu

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135, jekundu lililopauka likawa rangi ya matofali. Boma zima huliita Massey, basi. Marehemu baba mkwe alilinunua likiwa limeshatumika, katika miaka ambayo Waafrika walikuwa wakichukua mashamba yaliyoachwa na walowezi baada ya Uhuru wa 1963. Kwa mapato yake watoto watano walisomeshwa, mke wangu akiwa mmoja wao. Mzee alipofariki, ng'ombe waligawanywa bila kelele. Massey haikugawanyika.

Jioni hiyo, baada ya chai, ndugu watatu walikaa mbele ya mama yao. Kaka mkubwa, ambaye anafanya kazi mjini Nakuru, alisema wazi kwamba chuma hicho kiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, pesa zigawanywe, na shamba lilimwe kwa trekta la kukodi. Shemeji yangu mdogo, ambaye ndiye anayeishi nyumbani, alikuwa ameinamisha kichwa. Ni yeye aliyekuwa akilitumia siku lilipozimika, na tangu hapo lilikataa kuwaka.

"Hayo ya kukodi yako wapi leo?" mama mkwe aliuliza. Hakuna aliyejibu. Kila trekta la kukodi pale kijijini lilikuwa na foleni ya wiki nzima.

Mama akatoa uamuzi. Kesho yake aitwe dereva wa zamani wa marehemu. Massey ikiwaka, haitauzwa. Isipowaka, kaka mkubwa afanye alivyotaka.

Mzee na masikio yake

Dereva huyo alifika saa kumi na mbili asubuhi akitembea kwa fimbo. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Alinisalimu kwa heshima kama mkwe, akaniomba nikae kwenye kiti kivulini. Nilipotaka kushika spana, alicheka. "Mkwe wetu, wewe utatusaidia kwa maombi." Baadaye, hata hivyo, aligundua kwamba nina kitu chenye faida kuliko maombi: betri ya gari langu.

Kwanza hakugusa injini. Aliuliza maswali. Trekta lilizimika vipi? Ghafla au kwa kukohoa? Shemeji akakiri kwamba lilikohoa, likazima. Alikuwa akivuta trela la kuni na dizeli ikamwishia njiani. Akatia dizeli nyingine, akapiga starta mpaka betri ikafa.

"Basi si mgonjwa," mzee akasema. "Amemeza hewa."

Hapo ndipo watoto wangu walipoacha kufukuza kuku wakasogea. Mzee aliwaeleza kama mwalimu. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche kama gari la petroli. Hewa iliyomo ndani ya silinda hubanwa mpaka ikawa moto sana, kisha dizeli hupulizwa ndani kwa nguvu na kuwaka yenyewe. Tangi likikauka, hewa huingia kwenye mabomba. Hewa hubonyea na dizeli haibonyei, kwa hivyo pampu husukuma bure na nozeli hazipulizi kitu. Unaweza kupiga starta hadi jioni.

Kazi ikaanza. Shemeji alifungua kikombe cha chini ya tangi, maji na tope jembamba vikamwagika. Akabadilisha filta zote mbili, akalegeza skrubu ndogo iliyo juu yake, kisha akawa anapiga kwa kidole kimkono cha pampu iliyo ubavuni mwa injini. Dizeli ilitoka na povu. Aliendelea mpaka ikatoka bila povu, akakaza. Akafanya hivyo hivyo kwenye skrubu za pampu kubwa. Mwisho alilegeza nati za mabomba matatu yanayoingia kwenye nozeli, maana injini hiyo ya Perkins ina silinda tatu.

Nilisogeza gari, tukaunganisha nyaya za betri. Mzee alihakikisha kwa mkono wake mwenyewe kwamba gia ziko huru. Starta ikalia. Dizeli ikaruka kwenye bomba la kwanza, la pili, la tatu. Nati zikakazwa moja moja. Starta ikalia tena, moshi mweupe ukatoka, Massey ikakohoa mara mbili, halafu ikanguruma.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Hakusema neno. Alirudi ndani, na muda si muda tukaletewa chai.

Kutoka Coventry hadi Moiben

Si ajabu kwamba chuma cha zaidi ya miaka 50 kinaweza kuamshwa kwa spana mbili na kidole. Aina ya 135 ilianza kutengenezwa mwaka 1964 katika mji wa Coventry, Uingereza, katika kiwanda cha Banner Lane ambacho wakati wa Vita Kuu ya Pili kilikuwa kikiunda injini za ndege. Babu yake ni lile trekta dogo la kijivu la Ferguson, lililoanza kutoka hapo mwaka 1946. Matrekta ya aina hiyo ndiyo yaliyomfikisha Edmund Hillary Ncha ya Kusini ya dunia mnamo Januari 4, 1958, akivuka barafu tupu. Mwanangu wa kiume aliposikia hayo, alilitazama trekta la babu yake kwa macho mapya.

Siri ya ukoo huo ni mikono mitatu ya nyuma, iliyobuniwa na Harry Ferguson, mzaliwa wa kaskazini mwa Ireland. Zamani jembe lilikuwa likivutwa kwa mnyororo kama mkokoteni. Likigonga jiwe au kisiki, trekta liliweza kuinuka mbele na kumwangukia dereva. Mikono hiyo ililifanya jembe na trekta kuwa mwili mmoja, na uzito wa jembe ukasaidia magurudumu kushika ardhi. Ndiyo maana trekta jepesi la nguvu za farasi 45 hivi laweza kulima udongo mzito.

Aidha, vipuri havijakoma. Kiwanda cha Coventry kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini ndugu wa injini hiyo ya Perkins waliendelea kuundwa Pakistan.

Hata hivyo, mzee hakutaka tusahau kwamba Massey pia yaweza kuua. Binti yangu alipoomba kuketi juu ya matigadi, jibu lilikuwa moja: trekta lina kiti kimoja. Shimo moja tu lililofichwa na nyasi latosha kumrusha mtoto chini ya gurudumu. Shafti ya nyuma inayoendesha mashine huzunguka mara 540 kwa dakika, na ikishika upindo wa koti haimwachi mwenye koti. Mzigo huvutwa kutoka chini, kamwe si kutoka juu ya ekseli, kwani mbele itainuka. Na trekta la zamani kama hilo halina fremu ya kumkinga dereva likipinduka.

Daftari la bandani

Haro ilipokwisha kufungwa na shemeji kutokomea shambani, mzee aliniongoza hadi pembe ya banda. Kwenye msumari palining'inia daftari la shule, limechakazwa na grisi. Lilikuwa la baba mkwe. Ndani yake kila kitu kilikuwa kimeandikwa kwa penseli: siku ya kubadilisha oili ya injini, siku ya kuosha bakuli la oili linalonasa vumbi la hewa, grisi kila asubuhi ya kulima, ekari zilizolimwa na dizeli iliyonywewa. Mita ya saa ilipoharibika, alianza kuhesabu kazi kwa ekari.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa mwezi alipolazwa hospitalini. Baada ya hapo hakuna aliyeandika chochote.

Nilielewa kesi ya jana yake. Mzee aligawa mali yote, lakini kazi ya kutunza haikuwa na mrithi. Funguo za Massey zilipita mkono hadi mkono, na daftari likabaki kwenye msumari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Jioni haro ilikuwa imekamilisha nusu ya shamba. Kaka mkubwa, ambaye siku nzima alijifanya anasoma gazeti, ndiye aliyegundua kwamba klachi inateleza ardhi ikiwa nzito. Mzee alikubali, alishaisikia tangu asubuhi. Ndugu walikubaliana kuchanga pesa za sahani mpya ya klachi baada ya kupanda. Mama akaongeza sharti lake: shemeji mdogo ajifunze kwa dereva huyo kila Jumamosi, macho ya mzee yangali yanaona hata kidogo.

Tulipoondoka Jumatatu, mbegu ilikuwa ardhini. Binti yangu, ambaye mwandiko wake unasomeka kuliko wetu sote, alikuwa amenakili kanuni za babu yake katika daftari jipya tulilonunua Moiben. Chini yake shemeji aliandika kwa mkono wake tarehe, filta mbili, ekari zilizopigwa haro. Kisha akalitundika kwenye msumari ule ule.